Presha ya Turbo Katika Mizunguko ya Chini: Onyo kwa Wenye Malori na Madereva wa Usinge

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa sababu ya tabia moja iliyozoeleka gerejini hadi ikaonekana ni ufundi. Fundi anakaza kijiti cha westigeti, yaani kimlango kinachopitisha moshi pembeni ya turbo, ili turbo isukume hewa zaidi. Kisha anaifungulia pampu ya dizeli na kumkabidhi mwenye lori gari lililochangamka. Kwa anayesomba tumbaku au mpunga kutoka vijiji vya Usinge kwenda Kaliua na Tabora, gari hilo hupendeza siku ya kwanza, maana linavuta hata mguu ukigusa tu mafuta. Mvuto huo wa chini ndio tunaouonya. Presha kubwa ya turbo injini ikizunguka polepole inaumiza vyuma kuliko presha ileile injini ikiwa imeshika kasi.

Sababu iko ndani ya injini yenyewe. Katika mizunguko 1,400 kwa dakika, kila mlipuko unaikandamiza pistoni kwa muda karibu mara mbili ya ule wa mizunguko 2,800. Krenki inazunguka taratibu, hivyo utando wa oili unaotenganisha chuma na beringi ni mwembamba. Tena, kwenye kasi kubwa uzito wa pistoni inayokimbilia juu hupunguza sehemu ya kishindo kinachoushukia mkono wake. Mizunguko ikiwa nusu, msaada huo unabaki robo. Mpagazi wa Kinyamwezi katika njia ya Ujiji alizoea kubeba kama frasila mbili, lakini mzigo huohuo ukimwangukia magoti yakiwa yamekunjwa ni habari nyingine. Ndivyo mkono wa pistoni unavyopinda, gasketi ya silinda hedi inavyopasuka na beringi zinavyolika, na mwenye gari akadhani ni oili mbaya.

Kwa hiyo presha ipande pamoja na mizunguko: iwe ya kiasi chini, ifike kilele katikati, kisha ipungue kidogo juu kabisa, ambako hatari nyingine huanza, kwani gurudumu la turbo huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika na joto la moshi hupanda. Dereva naye ana sehemu yake. Lori likianza kukokota kwenye mchanga, shusha gea. Usikanyage mafuta hadi mwisho ukingoja turbo ikuokoe.

Wapo wanaosema Usinge iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo presha lazima iongezwe. Ni kweli kwamba hewa hapa ina mgandamizo pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko Dar es Salaam. Lakini hilo linadai tahadhari zaidi. Ili geji isome bar 1 pwani, turbo inaizidisha hewa mara 2. Huku kwetu, kwa bar 1 ileile ya geji, inabidi iizidishe zaidi ya mara 2.1, na hilo huifanya izunguke kwa kasi zaidi. Wengine hujibu kwamba gari limekazwa miezi mingi na halijanoki. Chuma huchoka kidogo kidogo bila kutoa sauti, na ufa hauonekani mpaka siku kinapokatika. Na anayefunga kisanduku cha kuidanganya sensa ya presha kwenye injini ya kisasa ameondoa ulinzi uliowekwa na mtengenezaji.

Maelezo haya yanahusu dizeli zenye turbo. Injini za petroli zina masharti yake, na masuala ya bima na dhamana yasomwe kwenye mkataba wa gari.

Tunarudia: usikaze westigeti bila geji. Funga geji ya presha na ya joto la moshi, pakia mzigo wa kawaida, panda kwenye gea ya juu kuanzia mizunguko ya chini, na fundi aandike presha katika kila mizunguko 300, kisha alinganishe na kitabu cha injini. Moshi mweusi ukitoka, punguza dizeli kwanza. Usiufukuze kwa kuongeza presha. Safisha chujio la hewa, maana vumbi la kiangazi huziba njia na kuilazimisha turbo ijikamue. Gari lisitoke gerejini kabla namba hizo hazijaandikwa kwenye karatasi na mwenye gari hajapewa nakala yake.