Somo la Biolojia: Kupigana na Mbu kwa Kutumia Mbu



Wengi munatuuliza, sisi wa mwaka wa sita, sheria za urithi zitatusaidia nini kisha kutoka masomoni. Jibu liko karibu: linaruka usiku juu ya vitanda vyetu. Kwa hesabu ya wagonjwa wa malaria, nchi yetu ya Kongo ni ya pili duniani, nyuma ya Nigeria. Leo wataalamu wanatafuta kuushinda ugonjwa huu kwa kubadilisha urithi wa mbu mwenyewe. Tutaeleza namna gani, kisha tutatazama hatari zake.

1. Msingi wa kazi hii

Tukumbuke kwanza mambo mawili. Mbu jike peke yake ndiye anauma, sababu anahitaji damu kwa kutengeneza mayai. Dume hamuumi mtu. Anakunywa maji matamu ya maua. Basi tukiachilia madume, hatumwongezei mtu ugonjwa.

Njia ya zamani ni kuwafuga wadudu wengi, kuwapiga madume mionzi ili wasizae, kisha kuwaachilia. Jike akipandwa na dume kama huyo hapati wazao. Hivyo ndivyo walifanya Zanzibar, kwenye kisiwa cha Unguja, tangu 1994 mpaka 1997, juu ya mbung'o aliyewapa ng'ombe ugonjwa wa nagana. Waliachilia kwa ndege madume zaidi ya milioni 8, na yule mbung'o akaisha kabisa. Lakini muangalie: Unguja imezungukwa na bahari. Mbung'o wa ng'ambo hakuweza kurudi.

2. Jeni inayokwisha yenyewe

Jeni ni agizo lililo ndani ya kila chembe ya mwili, na mzazi anampa mtoto. Wataalamu wanaweza kutia agizo jipya ndani ya yai la mdudu. Katika mji wa Piracicaba, Brazili, tangu 2015 waliachilia madume ya mbu wa denge wenye jeni inayowaua watoto wao kabla hawajakomaa. Kule wanakofugwa, mbu hao wanapewa dawa inayozuia jeni hiyo. Huko nje dawa hakuna, kwa hiyo watoto wanakufa.

Faida yake: ukiacha kuachilia, jeni inapotea. Hasara yake ni ile ile: ukiacha, mbu wa jirani wanarudi. Inapasa kufuga na kuachilia tena na tena, na hiyo inaomba feza nyingi. Nchi yetu haina bahari pande zote kama Unguja.

3. Jeni inayojisambaza

Mendel alitufundisha kwamba mzazi mwenye jeni moja mpya anaipatia nusu ya watoto wake. Kwa watoto 100, karibu 50. Lakini kuko chombo kinachoitwa CRISPR, kinachokata uzi wa urithi mahali panapotakiwa. (Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walipewa Tuzo ya Nobel 2020 kwa kazi hiyo.) Kikitiwa ndani ya mbu, jeni mpya inajinakili mahali pa ile ya zamani, na karibu watoto wote 100 wanaipata. Kila kizazi inazidi kuenea.

Katika 2018, wataalamu wa Imperial College, London, walijaribu hivyo ndani ya vizimba na mbu wa malaria. Waliharibu jeni inayowafanya majike kuwa majike. Kati ya vizazi 7 na 11, hakukubaki mayai: mbu wote wa kizimba waliisha.

Mbu wa namna hii hajaachiliwa bado nje popote. Na muone tofauti: ile ya kwanza inakwisha yenyewe, hii ya pili inatembea yenyewe, haiombi pasipoti kwenye mpaka, na si rahisi kuirudisha.

4. Nani atakubali?

Katika kijiji cha Bana, Burkina Faso, mwezi wa saba 2019, waliachilia mbu madume yapata 6,400 waliobadilishwa ili wasizae. Hawakuwa wale wa kujisambaza. Mbele ya hayo, watafiti waliwaeleza wanakijiji na kuomba ukubali wao. Hata hivyo, mwezi wa nane 2025, serikali ya nchi hiyo ilisimamisha kazi hiyo yote.

Wengine kati yetu wanasema: watoto wanakufa, tusikawie. Wengine wanasema: tusikubali kuwa shamba la majaribio la watu wa mbali. Sisi tunaona kwamba wote wawili wana haki. Mwenye mtoto mgonjwa hawezi kungoja miaka mingi. Lakini jambo lisilorudishwa haliwezi kukubaliwa na kijiji kimoja kwa niaba ya vijiji vyote, wala na nchi moja kwa niaba ya jirani zake. Na ili mtu akubali ao akatae kwa akili, inapasa kwanza aelewe. Hapo ndipo masomo ya urithi yanasaidia: siku watakuja kutuuliza, tusijibu kwa woga wala kwa kudanganywa.

Kwa sasa, mbu wetu hawajabadilishwa. Tulale ndani ya mustikere, na tumwage maji yaliyosimama kwenye makopo nyuma ya nyumba za kulala.

Maswali ya kujipima

1. Sababu gani wanaachilia madume, si majike?
2. Kazi ya Unguja ilifaulu. Eleza sababu gani ingekuwa ngumu zaidi huku kwetu.
3. Mbu wenye jeni inayojisambaza wakiachiliwa ng'ambo moja ya mto ulio mpaka, watu wa ng'ambo ya pili wanapashwa kuulizwa? Toa sababu zako.