Dondoo muhimu: Hedifoni kwenye Raspberry Pi

Kabla ya kuchomeka hedifoni kwenye bodi ya amplifaya iliyopachikwa juu ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, angalia bodi hiyo imetengenezwa kwa kazi gani. DigiAMP+, kwa mfano, hutoa hadi wati 35 kila upande, nguvu ya kuendesha spika za sebuleni. Hedifoni nyingi hutosheka na miliwati chache tu. Ukizidisha mno, koili zitaungua, na masikio yako yanaweza kuumia kwanza.

Lakini hatari kubwa iko kwenye nyaya, na wengi hawaijui. Katika amplifaya nyingi za aina hii, ncha hasi ya spika haijaunganishwa na ardhi ya saketi. Nayo pia hubeba sauti. Plagi ya kawaida ya hedifoni huunganisha ncha hasi za kushoto na kulia kuwa moja. Ukiichomeka hapo, umepiga shoti, na kupunguza sauti hakusaidii kitu.

Badala yake, tafuta bodi yenye tundu lake la hedifoni, kama DAC+ ya Raspberry Pi. Raspberry Pi 4 ina tundu lake lenyewe, ingawa sauti yake ni ya wastani. Raspberry Pi 5 haina kabisa.

Zima kompyuta na uchomoe umeme kabla ya kupachika bodi. Ukishawasha, fungua alsamixer, programu ya kurekebisha sauti, shusha sauti chini kabisa, cheza wimbo, ndipo uvae hedifoni na kupandisha taratibu.

Kama tayari una bodi ya amplifaya, iachie spika.