Chembe za Silikoni Zenye Vitundu na Haja ya Istilahi Sahihi za Kiswahili

Utangulizi
Makala haya yanafafanua jinsi chembe za silikoni zenye vitundu zinavyoweza kubeba dawa za peptidi. Aidha, yanashikilia kuwa maelezo hayo hayatamfaa mgonjwa wa Nakuru, Molo au Gilgil iwapo istilahi zake zitaachwa zichanganyike.

Tatizo la dawa za peptidi
Peptidi ni mnyororo wa asidi amino. Oksitosini, ambayo huzuia mama asivuje damu nyingi baada ya kujifungua, ina asidi amino 9. Insulini, inayodhibiti sukari mwilini, ina 51. Nyingi za dawa hizi zikimezwa huvunjwavunjwa na asidi pamoja na vimeng'enya vya tumbo, sawa na chakula. Hata zikidungwa, baadhi hutoweka katika damu baada ya dakika chache tu. Ndiyo maana insulini, tangu mgonjwa wa kwanza alipodungwa mjini Toronto, Kanada, Januari 1922, imeendelea kutegemea sindano kwa kiasi kikubwa. Ugumu basi haumo katika kuiunda dawa pekee, bali pia katika kuifikisha.

Mbebaji na kazi yake
Silikoni yenye vitundu iligunduliwa na Arthur Uhlir na Ingeborg Uhlir katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1956. Hutengenezwa kwa kupitisha umeme katika kipande cha silikoni kilichozamishwa ndani ya asidi ya hidrofloriki, nacho kikatobokatoboka mithili ya sega la nyuki. Upana wa vitundu hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Peptidi huingia humo, hujishikiza kwenye kuta, kisha hutoka polepole. Mwaka 1995, Leigh Canham wa Uingereza alionyesha kuwa nyenzo hii inaweza kupatana na mazingira ya mwili. Kazi ikiisha, mbebaji huyeyuka na kuwa asidi ya silisiki, ambayo hutolewa kwa mkojo. Watafiti wa Ufini wamezijaribu chembe hizi pamoja na peptidi kwa wanyama wa maabara, lakini bado hazijawa dawa ya kawaida hospitalini.

Kielelezo cha Kariandusi
Mfano wa karibu unapatikana katika machimbo ya Kariandusi, jirani na Gilgil. Huko huchimbwa diatomaiti, mwamba mweupe na mwepesi uliotokana na magamba ya mwani wadogo mno walioishi katika ziwa la kale. Magamba hayo yamejaa vitundu, na kwa sababu hiyo diatomaiti hutumiwa kuchujia vinywaji. Hata hivyo, silikoni iliyomo imeungana na oksijeni. Mwaka 2007 watafiti wa Georgia, Marekani, walieleza jinsi mvuke wa magnesi, kwenye nyuzi 650 za selsiasi, unavyoweza kuiondoa oksijeni hiyo huku umbo la gamba likibaki. Kwa hiyo diatomaiti ni jamaa wa mbebaji, si mbebaji mwenyewe. Wala vumbi lake si dawa.

Suala la istilahi
Utohozi usio na uangalifu huzua utata. Neno "silikoni" hutumika kwa elementi yenyewe na pia kwa nyenzo nyororo kama mpira inayozibia vioo. Nalo "silika", likitumiwa kutaja muungano wa silikoni na oksijeni, hugongana na silika yenye maana ya tabia ya kuzaliwa nayo. Yafaa "silikoni" libaki jina la elementi, "mpira wa silikoni" liitaje nyenzo ile nyororo, na "oksidi ya silikoni" litumike kwa magamba ya Kariandusi.

Hitimisho
Mgonjwa akidhani kuwa anadungwa mpira, atakataa tiba. Akidhani kuwa dawa hiyo ni vumbi la machimbo, huenda akalimeza. Ana haki ya kujua kinachoingia mwilini mwake, kinabeba nini na kinaishia wapi. Wajibu wa kumwandalia maneno ya kujulia hayo ni wa mwanasayansi na mwanafunzi wa Kiswahili kwa pamoja, na unapaswa kutimizwa kabla dawa yenyewe haijafika.