Jeraha Lisiloonekana: Kisukari na Uponaji wa Ateri

Mtu akijikata kidole huliona jeraha lake, akaliosha na kulifunga. Lakini yako majeraha yasiyoonekana kwa macho, nayo ni yale yatokeayo ndani ya mishipa ya damu. Hayo pia hupona. Hata hivyo, kwa mgonjwa wa kisukari namna yanavyopona huweza kuleta madhara makubwa kuliko jeraha lenyewe. Tuangalie sababu zake.

Umbo la ateri

Ateri ni mshipa uchukuao damu kutoka moyoni. Ukuta wake una matabaka matatu. Tabaka la nje ni la nyuzi ngumu, la kati ni la misuli laini ikazayo na kulegeza mshipa, na la ndani limetandwa na utando uitwao endothelia, ambao unene wake ni seli moja tu.

Zamani endothelia ilidhaniwa kuwa bitana tu ya mshipa. Mwaka 1980 Robert Furchgott na John Zawadzki, wa Marekani, walionyesha kuwa ateri yenye utando mzima hulegea inapotiwa asetilikolini, bali ile iliyokwanguliwa utando huo hailegei. Baadaye ilibainika kwamba seli za endothelia hutoa gesi ya oksidi ya nitriki. Gesi hiyo hulegeza misuli, huzuia chembe sahani zigandishazo damu zisishikamane, na huzuia seli za misuli zisizaane kupita kiasi. Kwa ugunduzi huo Furchgott alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Mashindano ya seli

Tarehe 16 Septemba 1977, mjini Zurich, Uswisi, daktari Andreas Grüntzig alipanua kwa mara ya kwanza ateri ya moyo ya mgonjwa aliye macho, kwa kipira kidogo kilichofungwa karibu na ncha ya mrija. Njia hiyo imewafaa wagonjwa wengi, lakini kipira kinapotanuka hukwangua endothelia na kuupasua ukuta.

Hapo huanza mashindano. Seli za endothelia zilizosalia kandokando hutambaa ili kukifunika kidonda. Wakati huohuo chembe sahani hujibandika hapo na kutoa kemikali ziamshazo seli za misuli, nazo huhamia upande wa ndani na kuzaana. Endothelia ikiwahi kufunika, misuli hutulia. Ikichelewa, kovu hunenepa na njia ya damu husonga.

Kusonga huko si jambo dogo. Kwa kanuni ya Poiseuille, kiasi cha kioevu kipitacho katika mrija mwembamba hulingana na kipeo cha nne cha nusukipenyo chake. Kwa hiyo nusukipenyo kikipungua kwa nusu, na kanieneo isibadilike, kiasi kipitacho hubaki sehemu moja tu ya 16.

Kisukari huingiaje?

Kwanza, glukosi ikizidi katika damu, seli hutoa kwa wingi kemikali kali za oksijeni ambazo huiharibu oksidi ya nitriki. Pili, glukosi hujinata kwenye protini za ukuta, ikaufanya mgumu. Tatu, chembe sahani huwa nyepesi kushikamana. Nne, katika kisukari cha aina ya pili mwili hauitikii insulini ipasavyo: ule ujumbe wa insulini uihimizao endothelia kutoa oksidi ya nitriki hudhoofika, ilhali ujumbe wa kuzihimiza seli za misuli zikue hubaki. Hivyo mshindani mmoja amefungwa miguu, na mwenziwe ameachiwa uwanja.

Matokeo yake kwa wagonjwa

Uchunguzi uitwao BARI, uliofanywa Amerika ya Kaskazini na kutangazwa mwaka 1996, ulilinganisha matibabu ya kipira na upasuaji wa kuunganisha mshipa mwingine ili damu ipite kando ya palipoziba. Miongoni mwa wagonjwa waliokuwa wakitumia dawa za kisukari, baada ya miaka 5 walikuwa hai takriban 81 katika kila 100 waliopasuliwa, lakini 66 tu katika kila 100 waliotiwa kipira. Kwa wagonjwa wengine tofauti haikuonekana. Si haki kulitwika kovu lawama yote, kwani kisukari hudhuru ateri mahali pengi kwa pamoja. Hata hivyo, uchunguzi wa FREEDOM wa mwaka 2012, uliotumia vyuma vya wavu vyenye dawa ya kuzuia kovu, ulionyesha tena kuwa wagonjwa wa kisukari wenye ateri kadhaa zilizosonga hunufaika zaidi na upasuaji.

Kinga nayo ipo. Uchunguzi wa DCCT, wa mwaka 1983 hadi 1993, ulihusu watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Ilipofika mwaka 2005, waliokuwa wamedhibiti sukari kwa makini walikuwa wamepatwa na maradhi ya moyo na mishipa kwa asilimia 42 pungufu kuliko wenzao. Basi anayetunza sukari yake leo huitunza endothelia yake kwa miaka mingi ijayo.

Maswali

1. Taja kazi tatu za oksidi ya nitriki katika ateri.
2. Nusukipenyo cha ateri kikipungua hadi theluthi moja, kiasi cha damu kipitacho kitabaki sehemu gani?
3. Eleza kwa nini kuchelewa kwa endothelia hunenepesha kovu.