Kuwatafuta Wana Waliokufa Wachanga Katika Nasaba

Bismillahi Rahmani Rahimi. Ama baad. Ewe ndugu msomaji, jua ya kuwa aandikaye nasaba ya jamaa zake hapa Fukayosi, au Bagamoyo, au popote mrimani, huwaandika waliokua wakaoa, wakaolewa na kuzaa. Wale waliokufa kabla ya kuachishwa ziwa huwaacha, kana kwamba hawakuzaliwa. Jambo hili si adabu njema, tena katika sharia lina madhara.

Watazame wanazuoni walivyofanya katika nasaba ya Mtume wetu, sala na salamu zimshukie. Wanawe wa kiume wote walikufa wadogo, wala hawakusahauliwa: Kasim, ambaye kwa jina lake Mtume aliitwa Abul-Kasim, na Abdallah, na Ibrahim, mwana wa Maria, aliyekufa Madina mwaka wa 10 wa Hijra, hajatimiza miaka miwili. Wako waliowahesabu Tayyib na Tahir kuwa ni wana wengine, na walio wengi wamesema hayo ni majina ya sifa ya Abdallah. Basi ona, hata jina la mtoto mchanga lilipimwa kwa riwaya.

Nasi tunayo njia hiyo. Mwanamke akiitwa Mama Ali, na katika watoto wake humwoni Ali, usiseme watu wamekosea; uliza, huenda Ali yuko kaburini. Palipo na Mashaka au Tabu, uliza habari za aliyemtangulia. Ukiona pengo la miaka mitano baina ya ndugu wawili, uliza pia.

Lakini uliza kwa adabu. Ukimwambia bibi, "Una watoto wangapi?" atakuhesabia walio hai tu. Mwambie, "Bibi, ulijaliwa matumbo mangapi? Na waliotangulia mbele ya haki ni akina nani?" Kisha nyamaza, umwache. Pengine hajaulizwa tangu siku ile ya maziko. Kwa jamaa zetu Wakwere, ambao ukoo wao hufuata mama, waendee wajomba na bibi wa kuukeni kwanza.

Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilitungwa Tanganyika mwaka 1920, lakini kwa muda mrefu haikuwalazimisha wenyeji. Basi usitumaini sana kuwakuta wana wa bibi zetu katika madaftari ya serikali. Tazama kurasa za mwanzo na za mwisho za misahafu na vitabu vya maulidi, ambako baadhi ya wazee waliandika usiku wa kuzaliwa mwana. Sikiliza pia majina ya marehemu yatajwayo katika hitima.

Ama madhara tuliyoyataja ni haya. Mtu amekufa, ameacha mke mwenye mimba, na ndugu mmoja wa kiume wa baba mmoja na mama mmoja, na minazi 24. Mtoto akizaliwa maiti, mke hupata robo, minazi 6, na ndugu hupata 18. Akizaliwa mwanamume akalia, kisha akafa saa ile ile, amekwisha kumrithi babaye: mke hupata thumni, minazi 3, na mtoto 21. Kisha mtoto naye hurithiwa: mama hupata thuluthi, minazi 7, na ami 14. Basi mjane ana minazi 10 wala si 6. Minazi minne imetundikwa kwenye kilio kimoja.

Na kilio hicho, katika madhehebu ya Imamu Shafii, huthibiti hata kwa ushahidi wa wanawake wanne, kwa kuwa wanaume hawaingii chumba cha uzazi. Aliyelia huoshwa, huvikwa sanda, huswaliwa na kuzikwa. Asiyeonyesha dalili ya uhai, naye ametimiza miezi minne tumboni, hufanyiwa yote hayo ila sala.

Kwa hiyo, uandikapo, usiandike "alikufa mchanga" ukanyamaza. Andika jina lake, au kwamba hakuwahi kupewa. Alilia au hakulia. Alikufa kabla ya babaye au baada yake. Na ni nani aliyekuwapo akasikia.