KADI YA "VIP" YA BENKI: INAKULIPA AU UNAILIPA WEWE?

Leo somo letu ni zile kadi za benki za daraja la juu, zenye ada kubwa kila mwaka na ahadi za safari: launji ya uwanja wa ndege, bima ya safari, pointi za tiketi. Swali ni moja tu: hiyo ada inarudi?

Naanza na yangu, maana somo hili nimelilipia.

Mwaka juzi afisa mmoja wa benki alikuja dukani kwangu hapa Kasulu. Akaniambia, "Bosi, mtu wa kiwango chako hutakiwi kutembea na kadi ya kawaida." Ada ilikuwa 180,000 kwa mwaka. Nikajiona kweli bosi. Nikasaini. Haikuwa kadi ya mkopo, ilikuwa ya kutumia hela zangu mwenyewe, kwa hiyo ada ikakatwa moja kwa moja kwenye akaunti niliyowekea mtaji.

Mwaka ule nilienda Dar mara 3. Mara 2 kwa basi. Stendi hakuna launji, kuna chai na chapati. Mara 1 nilipanda ndege kutokea Kigoma kwa sababu nilikuwa nawahi mzigo. Wakati wa kurudi nikafika uwanja wa Dar mapema makusudi, nikale vya bure. Nikaonyesha kadi, nikaulizia launji. Kumbe ile iliyoandikwa kwenye karatasi yangu iko jengo la tatu, la safari za nje ya nchi. Mimi naenda Kigoma! Nikanunua chai kwa hela yangu, nikakaa kimya.

Hiyo ingekuwa ya kucheka tu. Iliyoniuma ni hii. Ada ilikatwa Desemba, wakati nakusanya hela ya mabegi ya shule. Kuna dada mmoja Kibondo huwa ananiagizia jumla, namfungia mzigo unapanda basi. Alitaka mabegi 24 kabla shule hazijafunguliwa Januari. Kwa jumla Kariakoo begi lilikuwa 15,000. Piga hesabu: 180,000 gawa kwa 15,000 ni mabegi 12. Nusu ya oda yake ilikuwa imelala kwenye ada ya kadi. Akanipigia, "Mdogo wangu, mabegi yangu mengine vipi?" Nikamwambia, "Dada naomba univumilie wiki moja." Shule haisubiri wiki moja. Akachukua kwa mtu mwingine, na ilinichukua miezi kumrudisha.

Sasa twende kwenye hesabu, taratibu.

KANUNI YA 1: Usihesabu bei iliyoandikwa, hesabu hela ambayo ungetoa mwenyewe.
Tuseme kuingia launji kwa kulipia mlangoni ni dola 35. Benki itakwambia ukiingia mara 4 umeokoa dola 140. Jiulize: bila kadi, ungelipa dola 35 kukaa kwenye kochi? Mimi nisingelipa. Ningekunywa chai ya 5,000. Basi kwangu launji ina thamani ya 5,000, siyo dola 35. Huwezi kuokoa hela ambayo hukuwa na mpango wa kuitumia.

KANUNI YA 2: Soma masharti ya kila zawadi.
Kadi nyingi zinataka tiketi iwe imelipwa kwa kadi hiyohiyo ndipo bima ya safari ifanye kazi. Wengi wetu tiketi tunalipa kwa pesa ya simu. Hapo bima umeinunua, lakini haikufuniki. Uliza pia launji ni zipi, ziko jengo gani, unaruhusiwa mara ngapi kwa mwaka, na mwenzako akiingia nani analipa.

KANUNI YA 3: Toa ada kwanza, kisha ona kilichobaki.
Tuchukue mfano wa Marekani, ambako ndiko mchezo huu umekomaa. American Express walianza kadi yao ya Platinum mwaka 1984 kwa ada ya dola 250. Mwaka 2025 ada hiyo imefika dola 895. Mojawapo ya zawadi zake ni dola 200 za Uber kwa mwaka, lakini hawakupi zote mara moja. Ni dola 15 kila mwezi, Desemba 35, na ni za kutumia hukohuko Marekani. Mwezi ukipita hujatumia, imepotea. Mtu anayepanda Uber kila wiki, hiyo kwake ni hela taslimu. Wewe na mimi wa boda za Kasulu, ni sifuri.

Linganisha na kadi ya Chase Sapphire Reserve. Mwaka huohuo 2025 ada yake ilipanda kutoka dola 550 hadi 795. Yenyewe inarudisha dola 300 kwa mwaka kwenye matumizi ya safari karibu ya aina yoyote. Kwa mtu anayesafiri, hiyo 300 ni karibu sawa na hela mkononi. 795 toa 300, zinabaki 495. Hizo 495 ndizo zinazotakiwa kujitetea kwa launji, bima na pointi. Unaona? Hata kwa anayesafiri kweli bado kuna deni la kujaza.

KANUNI YA 4: Kama ni kadi ya mkopo, riba inameza zawadi zote.
Pointi ni shilingi chache kwa kila laki unayotumia. Riba ya deni usilolimaliza mwisho wa mwezi ni kubwa kuliko hizo pointi mara nyingi. Usinunue mzigo usioutaka ili upate pointi.

KUMBE NANI INAMLIPA?
Siseme uongo, wapo. Mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou au Dubai mara 4 au 5 kwa mwaka, ambaye bima ya safari angenunua kila mara, anayekaa uwanjani masaa 6 kusubiri ndege ya kuunganisha na angenunua chakula kwa bei ya uwanjani. Huyo aandike pembeni kila kitu ambacho tayari analipia. Kikizidi ada, achukue kadi, ni biashara nzuri. Kisipofika ada, ananunua heshima tu, na heshima haifungwi kwenye kiroba kupelekwa Kibondo.

Na kama shida yako ni kulipia matangazo ya mtandaoni au kuagiza bidhaa nje, huhitaji kadi ya VIP. Kadi ya kawaida ya Visa au Mastercard iliyoruhusiwa malipo ya mtandaoni inafanya kazi hiyo. Hata M-Pesa wana kadi ya Visa ya kwenye simu. Kitu cha kuulizia hapo ni makato na bei wanayokubadilishia dola.

FANYA HIVI LEO
Chukua daftari, chora mistari miwili. Kushoto andika safari zako za miezi 12 iliyopita na ulichotoa mfukoni kwa vitu ambavyo kadi inaahidi. Kulia andika ada. Chini yake andika ada hiyo ni vipande vingapi vya bidhaa unayouza. Vitenge, viatu, mabegi, chochote. Hiyo namba ya mwisho ndiyo itakusemesha.

Kama tayari unayo kadi, tafuta tarehe ya kukatwa ada, iandike ukutani, nenda benki mwezi mmoja kabla uombe kurudishwa kwenye kadi ya kawaida. Ada haibishi hodi, inajikata yenyewe. Mimi nilirudi kadi ya kawaida mwaka uliofuata. Desemba ile yule dada wa Kibondo alipata mabegi yake 24 yote, yakapanda basi moja.

Wewe ada yako ni sawa na vipande vingapi vya mzigo? Niandikie hapo chini, tuhesabu pamoja.