Kosa ni la Mtu au la Chombo?

Mtu akishindwa kutumia kompyuta au simu, neno la kwanza analolisema aghalabu ni hili: "Mimi sina akili za mambo haya." Mzee akituma fedha kwa simu zikamfikia mtu mwingine, watoto wake humwambia, "Baba, hukuangalia vizuri." Mwanafunzi akiandika insha kutwa nzima kisha ikapotea, wenzake humcheka. Labda kila mmoja wao alikosa kweli. Lakini katika somo hili tutauliza swali ambalo watu wengi hawaliulizi: Je, chombo chenyewe kimetengenezwa barabara? Kiti kikimwangusha kila anayekikalia, hatusemi kwamba kijiji kizima hakijui kukaa. Twamwita seremala.

Swali hili si la mchezo. Siku hizi fedha, barua na hata maombi ya kazi hupitia katika simu na kompyuta. Mtu anayejiona mjinga mbele ya chombo hukiacha, akatafuta mwingine wa kumfanyia kazi. Na mara nyingine humpa mtu huyo hata namba yake ya siri. Hapo ndipo wizi unapopata mlango. Kwa hiyo yatupasa kujua namna ya kupima chombo.

Marubani na vishikio viwili

Elimu hii haikuanza na kompyuta. Ilipata nguvu katika ndege, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Jeshi la Marekani lilikuwa na ndege kubwa ya kutupa mabomu iliyoitwa B-17, yenye injini nne. Ikatokea mara nyingi jambo la ajabu. Ndege imekwisha kutua salama, inakimbia juu ya njia yake, mara rubani anayakunja magurudumu! Ndege ikalala kwa tumbo na kuvunjika. Wakubwa wakaandika katika taarifa zao: kosa la rubani.

Mtaalamu mmoja wa saikolojia katika jeshi hilo, jina lake Alphonse Chapanis, alichunguza habari hiyo. Hakuanza na akili za marubani, alianza na mahali wanapokaa. Akaona vishikio viwili vya umbo moja vimewekwa karibu karibu. Kimoja kilikuwa cha magurudumu. Cha pili kilikuwa cha vile vibao vya nyuma ya mabawa ambavyo huteremshwa ndege inapotaka kutua, na baada ya kutua hupandishwa. Basi rubani aliyechoka, pengine usiku, alinyoosha mkono apandishe vibao, mkono ukashika kishikio cha magurudumu. Ndege nyingine ambazo vishikio vyake havikufanana hivyo hazikuwa na taabu hii.

Dawa yake ilikuwa ndogo. Juu ya kishikio cha magurudumu kikawekwa kigurudumu cha mpira, na juu ya kile cha vibao kikawekwa kitu chenye umbo la kabari. Sasa mkono ulijua ulichoshika hata kama macho hayatazami. Mpaka leo sheria za Marekani za ndege kubwa za abiria zataka kishikio cha magurudumu kiwe na umbo la gurudumu, na kile cha vibao kiwe na umbo la bawa.

Mwaka 1947 wataalamu wengine wawili, Paul Fitts na Richard Jones, walitoa taarifa juu ya visa 460 vilivyokuwa vikiitwa makosa ya marubani. Wakaona kwamba mengi yalitokana na namna vishikio na vitufe vilivyopangwa. Angalia jambo hili vizuri. Marubani wale hawakuwa wajinga, wala hawakukosa mafunzo. Walikuwa wamefundishwa kwa miezi mingi, na maisha yao yenyewe yalikuwa hatarini. Hata hivyo walikosa. Kwa hiyo anayesema, "Watu wafundishwe tu, basi," hajamaliza neno.

Kompyuta ilivyojifunza kuonyesha

Zamani mtu aliyetaka kompyuta ifanye kazi alipaswa kuiandikia amri, neno kwa neno. Akikosea herufi moja, kompyuta ilikataa. Ilimbidi kuzikariri amri zote kichwani. Tarehe 9 Desemba 1968, katika mji wa San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu njia nyingine. Alikuwa na kidude kidogo cha kusukuma kwa mkono juu ya meza, na alama ikatembea juu ya kioo kwa kukifuata. Kidude hicho ndicho tunachokiita kipanya. Mwaka 1973 mafundi wa kampuni ya Xerox walitengeneza kompyuta iitwayo Alto, yenye kipanya na picha juu ya kioo. Januari 1984 kampuni ya Apple ilianza kuuza Macintosh, na mambo hayo yakawafikia wanunuzi wa kawaida.

Kwa nini picha zilipendwa? Mwanafunzi yeyote anaweza kujibu. Katika mtihani, swali lenye majibu manne ya kuchagua ni jepesi kuliko swali lenye nafasi tupu, maana kutambua ni rahisi kuliko kukumbuka. Ukiona kikapu cha takataka juu ya kioo, huna haja ya kukariri amri ya kufuta.

Walakini picha nayo yaweza kudanganya. Katika Macintosh za zamani, mtu aliyetaka kuitoa disketi yake aliivuta mpaka kwenye kikapu cha takataka. Wengi waliogopa, nao walikuwa na haki ya kuogopa, maana kikapu ni mahali pa kutupia vitu! Baadaye, katika mfumo wa Mac OS X uliotoka mwaka 2001, Apple walifanya kile kikapu kibadilike kuwa alama ya kutoa mara mtu anapoanza kuivuta disketi. Woga wa watumiaji haukuwa ujinga. Ulikuwa ushahidi.

Sheria nne za chombo chema

Sasa tuzikusanye sheria nne za kupimia chombo chochote, kiwe simu, programu, au mashine ya kutolea fedha.

Kwanza, chombo kionyeshe kinachoweza kufanywa. Mlango mwema hukuonyesha pa kushika. Programu inayoficha kazi zake pembeni mwa kioo, pasipo alama yoyote, inakutaka uwe mpiga ramli.

Pili, chombo kijibu. Ukibonyeza kitufe, sharti uone jambo limetokea, au uambiwe ungoje. Chombo kikinyamaza, mtu hubonyeza tena na tena. Kama kitufe hicho ni cha kulipa, huenda akalipa mara mbili.

Tatu, chombo kimruhusu mtu kurudi nyuma. Binadamu hukosa, kalamu ya risasi iliwekewa raba kwa sababu hiyo. Katika programu nyingi za kuandikia kwenye Windows na Linux, ukishika vitufe vya Ctrl na Z kwa pamoja, jambo la mwisho hufutika. Na pale ambapo hapana njia ya kurudi, chombo kiulize kabla ya kutenda, tena kwa maneno yanayoeleweka.

Tutazame kutuma fedha kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na MTN ilianza huduma kama hiyo hapa Uganda mwaka 2009. Namba ya simu ina tarakimu nyingi, na kukosea moja ni rahisi mno. Kumwambia mtu, "Je, una hakika?" hakusaidii, kwa sababu mtu aliyekosea huwa na hakika kama aliyepatia. Lakini huduma ikimwonyesha jina la mpokeaji kabla hajaweka namba ya siri, mama huona mara moja kwamba jina si la mwanawe, naye huacha. Jina hilo moja lafanya kazi kuliko maonyo kumi. Ni kile kigurudumu cha mpira cha Chapanis kimekuja tena, kwa sura nyingine.

Nne, chombo kitunze desturi. Mtu aliyezoea njia asigeuziwe bila sababu kubwa. Kampuni ya Microsoft ilipotoa Windows 95, mwezi wa Agosti 1995, iliweka pembeni mwa kioo kitufe cha kuanzia kazi, chenye neno "Start". Watu wakakizoea kwa miaka 17. Oktoba 2012 ikatoka Windows 8, na kitufe hicho hakikuwapo. Kampuni ilitaka mfumo mmoja ufae kompyuta za mezani pamoja na zile bapa za kugusa kwa kidole. Mtu aliyetaka kuizima kompyuta yake alipaswa kupeleka alama ya kipanya kwenye pembe ya kioo isiyo na dalili yoyote, kisha kupita mahali pengine tena. Malalamiko yakawa mengi. Oktoba 2013 toleo la 8.1 likakirudisha kitufe, na mwaka 2015 Windows 10 ikairudisha na ile orodha yake ya zamani. Kampuni kubwa kama ile ililazimika kuwasikiliza watu wa kawaida, maana walisema kwa sauti wala hawakunong'ona, "Sisi ndio wajinga."

Mazoea si wepesi

Yafaa tuwe waadilifu katika hukumu. Kitufe kile cha "Start" kilikuwa na kioja chake: mtu aliyetaka kuzima kompyuta alianza kwa kubonyeza neno lenye maana ya "Anza"! Watu waliacha kukiona kioja hicho kwa sababu ya mazoea. Basi mazoea ni kitu kimoja, na wepesi ni kitu kingine. Kila chombo tulichokizoea twakiona chepesi, na kila kigeni twakiona kigumu.

Jambo hili laonekana sana wanafunzi wanapobishana juu ya mifumo ya kompyuta. Mmoja husifu Windows, wa pili Mac, wa tatu Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na ambayo hupatikana bila malipo. Mara nyingi mabishano hayo ni kama ya watu wawili ambao kila mmoja asifu chakula cha mama yake. Ukitaka kubisha kwa faida, usianze na jina la chombo. Anza na kazi. Uliza: Ni nani atakayekitumia? Atafanya kazi gani? Atapita hatua ngapi? Akikosea, hasara yake ni nini, na njia ya kurudi iko wapi? Mfumo umfaao mwandishi wa programu huenda usimfae karani wa zahanati.

Tena lugha nayo ni sehemu ya chombo. Onyo lililoandikwa katika lugha asiyoijua mtumiaji si onyo, ni mapambo. Ndiyo sababu kazi ya kutafsiri programu ina thamani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisini kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Mafundi wake ilibidi watafute neno la Kiswahili kwa kila kitufe.

Namna ya kupima

Ninyi wenyewe mwaweza kufanya jaribio hili shuleni, bila gharama. Chagueni programu moja na kazi moja, kwa mfano kuandika barua fupi na kuihifadhi mahali itakapoonekana kesho. Mwiteni mtu asiyeijua programu hiyo. Mwambieni kazi, wala msimwambie njia. Kisha nyamazeni. Huu ndio ugumu wa jaribio, maana ulimi utawawasha kumsaidia. Andikeni kila mahali anaposita, anaporudi nyuma, na anapobonyeza kitufe kisicho chake. Fanyeni hivyo kwa watu watano, mmoja mmoja. Mtaalamu Jakob Nielsen alieleza mwaka 2000 kwamba watu watano huweza kufichua sehemu kubwa ya kasoro za chombo. Kama mtu mmoja peke yake amekwama mahali, huenda ni bahati. Wakikwama watatu mahali pale pale, hapo pana kasoro, na kasoro hiyo si ya watu.

Siku moja baadhi yenu mtakuwa watengenezaji wa programu, na wengi wenu mtakuwa wanunuzi wake kwa ajili ya shule, hospitali na ofisi. Msikubali kuambiwa kwamba taabu ya watumiaji ni uvivu wao mpaka mmekaa kando yao na kutazama. Na leo, bibi akikuletea simu yake akisema hajui, usimnyang'anye na kumfanyia upesi upesi. Mwulize kwanza, "Bibi, ulidhani kitufe hiki kitafanya nini?" Jibu lake litakufundisha habari ya simu ile kuliko kitabu chake.

Maswali

1. Kwa nini marubani wa B-17 waliyakunja magurudumu baada ya kutua? Eleza dawa iliyotumika.
2. "Kutambua ni rahisi kuliko kukumbuka." Toa mifano miwili ya maneno haya katika simu.
3. Eleza tofauti kati ya kuzoea chombo na wepesi wa chombo.
4. Chukua huduma moja ya kutuma fedha kwa simu. Ipime kwa zile sheria nne, kisha andika ni sheria ipi inayotimizwa na ipi inayovunjwa.
5. Andika barua fupi kwa watengenezaji wa programu mnayoitumia shuleni, ukiwaeleza kasoro moja na namna ya kuirekebisha.